4G bila njia nene ni jina tu

Mnara mpya wa simu ukizinduliwa hapa Pwani, hotuba hazikosi. Tunaambiwa 3G imekuwa 4G, na watu wa Faza, Kipini na Kiunga sasa watapata mtandao kama wenzao wa Nairobi. Haipiti muda malalamiko yanaanza. Simu inaonyesha mtandao umejaa, lakini mwanafunzi hawezi kufungua fomu ya kuomba chuo, na mgonjwa anaambiwa angoje sistimu irudi ndipo usajili wake wa SHA uonekane. Huduma za serikali nazo zimehamia eCitizen, kwa hivyo mtandao mbovu si suala la kukosa video pekee. Ni haki ya mtu inayocheleweshwa.

Tatizo ni kwamba mistari ile kwenye simu inapima jambo moja tu: nguvu ya mawimbi kati yako na mnara. Haisemi lolote kuhusu safari ya pili, ya kutoka mnarani hadi Mombasa, ambako nyaya za chini ya bahari kama TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009. Mnara uliofikiwa na faiba hauna shida kubwa. Usiofikiwa hutegemea maikrowevu: dishi moja inatazamana na nyingine iliyo mnara wa mbali, pengine kilomita 40 au 50, nayo inapokeza ya tatu, hadi faiba ipatikane. Minara kadhaa ya vijijini huweza kuchangia njia hiyo moja. Kuweka 4G bila kuipanua ni kuongeza mifereji nyumbani huku bomba la barabarani ni lile lile.

Je, njia hiyo hupanuliwa vipi? Hapa ndipo wananchi tunapaswa kufungua macho, kwa sababu mbinu ziko kadhaa na hazina thamani sawa.

Ya kwanza ni kusonganisha data zaidi ndani ya mawimbi yale yale. Mtambo ukitolewa kiwango wanachokiita QAM 256 hadi 4096, uwezo huongezeka kwa nusu. Lakini ili data isiharibike, mawimbi yanayopokewa lazima yawe na nguvu karibu mara 16. Kampuni huipenda mbinu hii kwa kuwa mara nyingi ni leseni ya programu tu, hakuna wa kupanda mnara. Mawimbi yakidhoofika, mtambo hujishusha wenyewe na uwezo ulioongezwa hutoweka.

Ya pili ni kupanua mkondo wa masafa, kwa mfano kutoka megahezi 28 hadi 56. Uwezo huwa mara mbili, na nguvu inayohitajika huwa mara mbili tu. Gharama yake ni ada ya masafa inayolipwa Mamlaka ya Mawasiliano. Ya tatu ni kurusha mawimbi mawili kwa masafa yale yale, moja wima na jingine mlalo. Hapo pia uwezo huwa mara mbili, ila redio za ziada lazima zinunuliwe. Mbinu hizi mbili zikiunganishwa, njia hubeba mara nne ya ilivyokuwa.

Kwetu Pwani tofauti hii ni kubwa zaidi. Wengi hudhani adui ni mvua, lakini kwa njia ndefu zinazotumia masafa ya gigahezi 6 hadi 8, mvua haisumbui sana. Kinachosumbua ni hewa yenye unyevu inayotulia usiku na kupinda mawimbi, pamoja na maji ya bahari yanayoyarudisha kama kioo, huku maji yakijaa na kupwa. Dawa yake inajulikana: dishi mbili kwa urefu tofauti kwenye mnara mmoja. Hata minara yenyewe lazima iwe mirefu, kwani katika kilomita 50 mviringo wa dunia peke yake huinuka karibu mita 49 katikati, kabla hujahesabu minazi. Kampuni ikichagua mbinu rahisi pekee, uwezo unaweza kushuka baada ya Isha, saa ile ile watu wanaporudi nyumbani na kuwasha data.

Kampuni zina hoja pia. Wateja wa visiwani ni wachache, dizeli ya jenereta ni ghali, na mpakani minara imewahi kulipuliwa na magaidi. Lakini ndiyo sababu Mfuko wa Huduma kwa Wote ukaanzishwa, ulipie pale ambapo biashara hailipi. Mkataba wa fedha hizo usiishie kwenye kusimamisha mnara. Utaje kasi ambayo mwananchi ataipata saa mbili usiku.

Wapo wanaosema tungoje faiba, maana serikali iliahidi kilomita 100,000 mwaka 2022. Faiba ndiyo suluhisho la kudumu, hilo halina ubishi. Ila tarehe 12 Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima. Waya mmoja si amani. Barabara ikichimbwa au Mto Tana ukifurika, maikrowevu iliyopanuliwa ndiyo itakayobaki kuwa njia ya akiba. Pesa hizo hazipotei.

Basi siku wakija kuzindua mnara mwingine, mwakilishi wadi wetu asiishie kupiga makofi. Aulize mambo matatu: njia ya nyuma inabeba kiasi gani, minara mingapi inaichangia, na ikikatika tuna njia gani nyingine. Majibu yaandikwe, na mwaka ukiisha yapimwe.