Rangi za Msingi Ni Zipi?

Bwana Mhariri, katika shindano la maswali baina ya mabweni muhula huu, bweni letu lilishindwa kwa swali moja tu: "Taja rangi tatu za msingi." Mimi nilijibu: nyekundu, manjano na buluu. Nikaambiwa nimekosa, eti ni nyekundu, kijani na buluu. Usiku ule tulibishana hata kiranja akatuzimia taa.

Nashikilia kuwa sikukosa, wala waliotushinda hawakukosa. Swali ndilo lililokosa, maana halikusema rangi za nini.

Achanganyaye rangi za kupaka huchanganya vitu vimezavyo mwanga. Rangi ya manjano humeza buluu iliyomo katika mwanga wa jua, na rangi ya buluu humeza nyekundu. Basi zikichanganywa, kinachosalia kutufikia machoni ni kijani. Kila ukiongeza rangi, giza nalo huongezeka. Ndiyo sababu mtoto akizikoroga zote hupata kitu kama tope.

Mwanga ni kinyume chake. Jumamosi tulifunika tochi mbili, moja kwa karatasi nyekundu ya peremende, nyingine kwa ya kijani, tukazimulikia shuka nyeupe. Zilipokutana palitokea manjano! Aliyekuwa akinicheka alinyamaza, na mimi pia. Mwaka 1861 bwana mmoja, James Clerk Maxwell, aliwaonyesha watu wa London picha ya utepe wa rangi kwa kuunganisha ukutani mianga mitatu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Luninga ya bwaloni hufanya vivyo hivyo kwa vidoa vidogo mno.

Wala utatu huu hautoki kwa jua, ambalo mwanga wake una rangi zisizo na idadi. Unatoka machoni mwetu, kwa kuwa jicho la mwanadamu lina aina tatu za chembe zipokeazo rangi.

Kusema kweli, hata jibu langu lina kasoro. Wapiga chapa hawatumii nyekundu na buluu, bali majenta na siani, pamoja na manjano, kisha huongeza wino mweusi. Nasi tuliopaka rangi darasani twajua jinsi nyekundu na buluu zitoavyo zambarau iliyofifia.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wa Fizikia na wa Sanaa waingie darasani pamoja japo kipindi kimoja, wenye tochi na wenye brashi. Na alama zetu mbili, Bwana Mhariri, bado twazidai.