Kosa si la Aliyekunywa

Tabora ni mji uliokuzwa na wasafiri. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi walipokea maji na chakula kutoka mikononi mwa watu wasiowajua. Reli ya Kati ilifika mjini humo mwaka 1912, na tawi la Mwanza lilipokamilika mwaka 1928, Tabora ikawa njia panda ya reli. Hadi leo mtumishi aliyehamishwa, mwalimu mpya na mwanafunzi anayerudi chuoni hupita katika mji huo. Mji wa namna hiyo hauwezi kuishi pasipo kuaminiana, kwamba kinywaji anachopewa mgeni ni ukarimu na wala si mtego.

Wako watu wanaouvunja uaminifu huo. Kila msafiri wa nchi hii amekwisha kusikia habari za abiria aliyepewa biskuti au soda na jirani wa kiti, akapitiwa na usingizi mzito, akazinduka mifuko ikiwa mitupu. Abiria huyo hupewa pole. Ndugu humchangia nauli, polisi huandika maelezo yake, na wote humlaani mwizi. Hakuna anayemwuliza kwa nini alisikia kiu.

Lakini msichana akitiliwa dawa ile ile katika kinywaji, akabakwa akiwa hajitambui, maswali hugeuka. Alifuata nini pale? Alivaa nini? Kwa nini alikunywa? Wanaouliza hivyo si wahuni wa vilabuni. Mara nyingi ni maofisa wenye shahada na walimu wenye heshima zao. Huo ni unafiki ulio wazi. Maana yake ni kwamba fedha za abiria zina thamani kuliko utu wa binti.

Sheria ya nchi haina unafiki huo. Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Masharti Maalumu ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inatamka kuwa ni ubakaji ikiwa mwanamke alikubali akiwa amelewa kwa dawa au kitu chochote alichopewa na mwanamume huyo au na mtu mwingine, isipokuwa ithibitike kwamba wawili hao walikuwa wamekubaliana kabla. Adhabu kwa mkosaji mtu mzima ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote hakipungui miaka 30. Sheria haiulizi msichana alivaa nini.

Wengi hudhani kuwa dawa hiyo ni unga wa ajabu kutoka ng'ambo. Ni kweli kwamba vidonge vya usingizi hutumika. Lakini uchunguzi wa maabara katika nchi mbalimbali umeonyesha kuwa kitu kinachokutwa mara nyingi zaidi ni pombe yenyewe. Gongo iliyomiminwa kwa siri katika glasi ya soda ni silaha. Wanzuki anayosukumiwa binti aliyekwisha kusema imetosha, huku mwenye kumsukumia akingoja alegee, nayo ni silaha.

Wengine hudhani kuwa adui ni mgeni wa kupita. Mwezi Desemba 2024 mahakama ya Avignon, Ufaransa, ilimhukumu Dominique Pelicot kifungo cha miaka 20 kwa kumlevya mkewe kwa dawa kwa karibu miaka kumi na kuwaita wanaume wengine wambake. Pamoja naye walitiwa hatiani watu 50, na miongoni mwao walikuwamo wenye kazi na familia zao. Mkewe, Gisèle, alikataa kesi isikilizwe faraghani, akisema aibu ni ya waliotenda. Mwenye kutia dawa aweza kuwa mwenzi, mkubwa wa kazi au rafiki wa familia.

Kinachomlinda zaidi mhalifu ni ucheleweshaji. Dawa nyingine hutoweka katika mkojo ndani ya nusu siku, na nyingine katika siku chache. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72. Hata hivyo, ukoo huitisha kikao, wazee hutumwa, fidia hujadiliwa na jina la familia husitiriwa. Suluhu inapofikiwa, ushahidi umekwisha kupotea na mkosaji amekwisha kupanda treni.

Kwa hiyo anayezinduka bila kukumbuka yaliyompata, huku akihofia kuwa amedhulumiwa, apelekwe hospitali na polisi saa ile ile, kabla ya kuoga au kufua nguo. Akibanwa na haja ndogo kabla ya kufika, mkojo huo wa kwanza uhifadhiwe katika chombo safi. Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi yaliwekwa kwa ajili ya mashauri kama hayo. Kupoteza kumbukumbu si uongo. Ndiyo kazi ya dawa yenyewe.

Wakuu wa idara na wa shule nao wana wajibu. Katika semina, mahafali na sherehe za kuagana, asiwepo mtumishi wa chini anayelazimishwa kunywa ili aonekane mwenzao. Mwenzao akilegea ghafla, wasimwachie mwanamume anayejitolea kumsindikiza peke yake. Wamsindikize kwa pamoja hadi kwa watu wake. Mkubwa wa kazi anayemficha mkosaji kwa kumhamishia wilaya nyingine anawapelekea wananchi wa huko hatari ile ile. Na balozi wa shina anayegeuza shauri la jinai kuwa la kifamilia ameusaliti wadhifa wake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangaza kuwa kila mtu anastahili heshima. Halikusema isipokuwa aliyekuwa baa, wala isipokuwa aliyepokea glasi kwa mtu aliyemwamini. Mwalimu atakayejiwa na binti kesho asubuhi akisema hakumbuki jinsi alivyofika alikozindukia, asianze kwa kumwuliza kwa nini alikunywa. Amwulize ni nani aliyempa, kisha amsindikize hospitali.