Udongo wa Kibanja Ulitengenezwa kwa Mikono

Ndugu wakulima wa Bukoba na Muleba, mvua ambayo wazee wetu waliingoja Septemba siku hizi haina ahadi. Huchelewa, kisha huja kwa vishindo, ikakatika kabla maharage hayajajaza. Tunainua macho na kuilaumu mbingu. Mbingu haijibu, na heri tuinamie ardhi.

Mgeni apitaye Kamachumu au Maruku, akiona migomba ilivyosongamana na mibuni, husema Mungu aliwapendelea Wahaya kwa rutuba. Si kweli. Udongo wa asili wa huku ni ule wa rweya, yaani nyika ya nyasi, uliochujwa na mvua nyingi za ziwani hata ukabaki wa kuotesha nyasi tu. Kibanja, shamba letu la migomba na mibuni, kilitengenezwa. Vizazi na vizazi vilibeba samadi ya ng'ombe na kukata nyasi za rweya, vikavitandaza shinani mwa migomba. Basi kilichotengenezwa kwa mikono huharibika mikono inapolegea, hata mvua ingekuwa nzuri.

Nasi tumelegea. Ng'ombe wamepungua, na rweya tumeijaza mikaratusi na misonobari. Simkemei aliyepanda, maana ana ada ya shule ya kulipa. Lakini nyasi zatoka wapi sasa? Shina lililo uchi likipigwa na jua hudhoofu, na mgomba dhaifu ni karamu ya fukuzi. Hapo hapo ugonjwa wa mnyauko unahamishwa na panga lisilopitishwa motoni, likitoka kwa jirani mwenye migomba iliyougua. Hilo nalo tutaisingizia hali ya hewa?

Yatandazeni majani yote ya mgomba, msiyachome. Chimbeni makinga maji kwenye miteremko, mvua ya kishindo izame badala ya kukimbilia ziwani na udongo wetu. Acheni miti ya kivuli juu ya mibuni.

Nanyi viongozi wa ushirika mna deni. Mkulima anauza kahawa ya maganda. Inakobolewa kiwandani, na maganda yale, yenye potasi ambayo mgomba unaililia, hayarudi yalikotoka. Malori yanayopanda vijijini msimu wa kahawa hupanda matupu. Yapakieni maganda yarudi vibanjani, na wanachama waulize jambo hilo katika mkutano mkuu ujao, kabla ya kuuliza bei.