Aanzaye Kurusha Ndege na Aanze kwa Kuiunda

Mtu aliyeingiwa na shauku ya kurusha ndege ndogo ziongozwazo kwa rimoti aghalabu huanza kwa kuuliza anunue ipi, na muuzaji, ambaye riziki yake ni kuuza, humwonyesha ile inayovutia macho kuliko zote, yenye umbo la ndege ya vita, mabawa membamba, rangi za kung'aa na mwendo wa kasi. Fedha hulipwa, sanduku hufunguliwa kwa furaha, na kabla betri ya kwanza haijaisha, ndege huwa imekwisha kuchimbia pua yake ardhini, na hamu ya mwenyewe imekwisha papo hapo. Mimi nashikilia kwamba hasara hiyo haitokani na ugumu wa mchezo wenyewe, bali yatokana na mahali ulipoanziwa. Na rai yangu, ninayoitoa kwa vijana na hususan kwa wazazi na walimu wenye kuwashika mkono, ni kwamba ndege ya kwanza ya mwanagenzi yapasa iwe ya polepole, iwe ya gharama ndogo, na juu ya yote iwe imeundwa kwa mikono yake mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya watoto, hayastahili nafasi gazetini. Hao nawakumbusha kwamba mwaka 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, kijana Mfaransa aitwaye Alphonse Pénaud alikirusha mbele ya wataalamu kijindege chenye rafadha iliyozungushwa kwa mpira uliosokotwa, nacho kikaenda yapata mita 40 kwa muda wa sekunde 11, kikijisawazisha chenyewe kwa sababu ya mkia wake, pasi na mkono wa mtu. Miaka saba baadaye, kasisi mmoja wa Marekani, Milton Wright, aliwaletea wanawe wawili mwanasesere wa kuruka uliotokana na kazi za Pénaud huyo huyo. Watoto wakauchezea hata ukavunjika, kisha, badala ya kulilia mwingine wa dukani, wakaketi wakaunda wa kwao. Watoto hao walikuwa Wilbur na Orville, na yaliyofuata mwaka 1903 yanajulikana na kila mtu. Hata ule ufundi wa kuiongoza ndege ndogo kwa mawimbi ya redio ulifunguliwa na watu wa namna hiyo hiyo: ndugu pacha Walter na William Good, wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, walioirusha ndege yao waliyoiita Guff mwaka 1937, wakiwa wameitengeneza wao wenyewe pamoja na redio yake, nayo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian.

Zamani hizo, na hata miaka ya karibuni, kazi ilikuwa na mashaka mengi. Kila rimoti ilikuwa na mkondo wake maalumu wa mawimbi, na watu wawili wakiwasha rimoti za mkondo mmoja katika uwanja mmoja, basi ndege iliyokuwa hewani ilianguka, wala hapakuwa na dawa. Rimoti za leo, zitumiazo mawimbi ya gigahezi 2.4, hujifunga na kipokezi chake zenyewe, zikajiepusha na za jirani. Mota za umeme zimekuwa nyepesi na zenye nguvu. Na betri za lithiamu zimeondoa haja ya mafuta na kelele. Yaliyobaki ni maarifa na subira.

Basi na tuitazame hiyo ndege ya kwanza kwa karibu. Mwili wake na mabawa yake hukatwa kwa wembe katika ubao wa povu jepesi uliofunikwa karatasi pande mbili, ule ambao wanafunzi hubandikia michoro ya maonyesho, na viungo vyake hushikwa kwa gundi ya moto. Bawa liwe pana, lenye urefu wa mita moja hivi toka ncha hadi ncha, likae juu ya mwili wala si chini yake, na ncha zake mbili ziinuke kidogo kuliko katikati. Mwinuko huo si wa urembo. Ndege inapolalia upande huanza kuteleza kuelekea upande huo, na hapo lile bawa lililoshuka hupata msukumo mkubwa wa upepo kuliko mwenzake, likainuliwa, ndege ikarudi sawa pasipo mwanagenzi kufanya lolote. Hivyo makosa yake mengi husamehewa kabla hajayatambua. Mota moja mbele, vijimota viwili vya kuvuta usukani wa mkia na kibao cha kupandisha na kushusha pua, betri na kipokezi: hivyo ndivyo vyote, na chombo kizima hakizidi nusu kilo kwa mengi.

Kabla ya kuirusha liko jambo moja ambalo wajuzi hawalifanyii masihara, nalo ni mizani. Inua ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, mahali palipo kati ya robo na thuluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele; ikikaa sawa, au pua ikiinama kidogo, iko tayari; mkia ukizama, sogeza betri mbele hata ikae. Ndege iliyoelemewa puani huruka kwa uvivu, lakini bado huongozeka, ilhali iliyoelemewa mkiani huruka mara moja tu, na mara hiyo haiishi kwa heri. Aliyenunua ndege iliyokwisha tengenezwa huweza kukaa nayo miaka asijue kwa nini betri imewekwa pale ilipo. Aliyeiunda hawezi kutojua.

Na hapa ndipo penye hoja yangu kubwa. Kuanguka hakuepukiki. Hakuna aliyejifunza kurusha ndege pasipo kuivunja, na tofauti ya atakayeendelea na atakayeacha ni kile kinachotokea baada ya kuivunja. Yule aliyeunda bawa lake kwa vipande vya ubao na gundi huokota vipande, hurudi nyumbani, na jioni ile ile huwa ameunga au amekata bawa jipya kwa kiolezo alichonacho. Yule mwingine hungoja sehemu ya kuagizwa kutoka ng'ambo, na akingoja sana hupata shughuli nyingine.

Katika kurusha kwenyewe, liko fumbo linalowaponza wengi. Ndege inapokwenda mbali nawe, kulia kwake ni kulia kwako. Lakini ikigeuka kukujia, mkono ukisukuma kijiti kulia, ndege huenda kushoto mwako, na akili iliyozoea upande mmoja hufadhaika, ikazidisha kosa kwa nia ya kulisahihisha. Wakufunzi wamelitafutia dawa nyepesi: ndege ikikujia, tazama ni bawa lipi limeshuka, kisha sukuma kijiti upande wa bawa hilo, kana kwamba walitegemeza lisianguke. Yafaa pia mwanagenzi atumie majuma machache mbele ya programu ya kompyuta iigizayo urukaji, ambako kuvunja hakugharimu kitu, na siku ya kwanza uwanjani awe na mwalimu mwenye rimoti ya pili iliyounganishwa na yake, anayeweza kuichukua ndege kwa kugusa swichi moja. Apande juu kiasi cha minazi mitatu kabla ya kujaribu kugeuka, kwa maana urefu ndio wasaa wa kufikiri.

Watu wa pwani wana mtaji wao katika jambo hili, na ni jambo la kusikitisha kwamba hatujautumia. Mtoto aliyerusha kishada tangu utotoni anajua upepo utokako, anajua kusi linapovuma kwa nguvu adhuhuri na jinsi alfajiri inavyotulia, na anajua kwamba majira ya tanga mbili, kusi likiisha na kaskazi haijashika, hewa huwa laini kuliko wakati wowote. Ndege hurushwa kuukabili upepo na hutuliwa kuukabili upepo. Na mwanagenzi asiiache ndege yake iende kule upepo uendako, kwa sababu kurudi kwake ni kwa taabu. Ila nashauri asirushe juu ya maji, maana chumvi ya bahari ikiingia katika vyombo vya umeme, haitoki.

Tahadhari ya betri niitaje kwa ufupi, lakini kwa mkazo. Seli ya lithiamu ijaapo hufikia volti 4.2, na ikishushwa chini ya volti 3 huharibika. Ikijazwa kwa chaja isiyo yake, au ikitobolewa, au ikivimba na mtu akaendelea kuitumia, huweza kuwaka moto usiozimika upesi. Isijazwe usiku watu wamelala, wala isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Yatasemwa: kwa nini haya yote, ilhali droni yenye rafadha nne hujiinua, hujisimamisha hewani, na ukiachia vijiti hukaa pale pale ikikungoja? Siikatai droni, ni chombo cha manufaa makubwa kwa mpiga picha. Lakini yule anayeianza kazi kwa droni hujifunza kupiga picha, hajifunzi kuruka, kwa sababu kompyuta iliyomo ndani ndiyo irukayo, naye hutoa amri tu. Na kazi nyingi za maana katika nchi zetu zimefanywa na vyombo vyenye mabawa. Mwaka 2016 visiwa vya Zanzibar vilianza kupigwa picha za ramani kwa vijindege vya mabawa vya povu visivyofika kilo moja, na miongoni mwa walioshika kazi hiyo walikuwamo vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar; mwaka huo huo, huko Muhanga nchini Rwanda, ndege zisizo na rubani zenye mabawa zilianza kupeleka damu hospitalini.

Aidha, mwenye kuanza kwa mikono hafungiwi mlango wa kompyuta. Maynard Hill, Mmarekani, aliunda ndege za balsa maisha yake yote. Mwezi wa Agosti mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 77, macho yake yakiwa yamekaribia kuzimika na masikio nayo yakiwa mazito, ndege yake iitwayo TAM 5, isiyozidi kilo tano pamoja na mafuta yake, iliondoka Newfoundland nchini Kanada ikavuka bahari ya Atlantiki, ikiongozwa njiani na setilaiti, ikashushwa kwa rimoti na wenzake karibu na Clifden nchini Ayalandi baada ya saa 38 na dakika 52, umbali wa kilomita 3,000 na ushei. Zile zilizoitangulia zilishindwa. Aliunda nyingine.

Linalohitajika sasa ni mahali. Mwanagenzi na akaulize kwanza idhini kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake, maana Tanzania huitaka, na Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020. Ajiweke mbali na viwanja vya ndege, nyaya za umeme na mikusanyiko ya watu. Kisha nazielekea halmashauri na wakuu wa shule: viwanja vyenu vya mpira hukaa vitupu asubuhi za Jumapili, toka saa kumi na mbili hata saa tatu, upepo ukiwa bado umelala. Wapeni vijana saa hizo, chini ya mwalimu wa fizikia au fundi yeyote mwenye moyo, na karakana ya shule ifunguliwe Jumamosi kwa ajili ya kukata mabawa.