Masafa yaliyoachwa na televisheni yamfikie nani?

DESEMBA 31, 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam, na seti zilizotegemea antena bila king'amuzi zikabaki zikionyesha chenga. Wananchi wengi walilalamikia bei ya ving'amuzi, na hawakukosea. Lakini suala zito zaidi lilikuwa masafa yaliyokuwa yakiachwa wazi.

Simu, redio na televisheni husafirisha habari kwa mawimbi ya sumakuumeme, yaendayo kwa kasi ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Mitambo miwili ikirusha katika masafa yaleyale mahali pamoja, huingiliana. Ndiyo maana serikali huyagawa masafa kama viwanja, isipokuwa viwanja hivi haviongezeki.

Wala havilingani. Mawimbi ya megahezi 700, yenye urefu wa takriban sentimita 43, hufika mbali na kupenya kuta kwa urahisi kuliko ya megahezi 3,500, ambayo urefu wake haufikii sentimita 9. Haya ya pili yana nafasi pana ya kubeba data, yanafaa mjini, lakini yanadai minara iliyokaribiana. Na mnara ni umeme au dizeli, ni mlinzi, ni fundi. Vijijini, ambako wateja wametawanyika, masafa ya chini ndiyo yanayopunguza gharama hizo.

Masafa hayo ndiyo yaliyokaliwa na televisheni. Katika analojia, kituo kimoja kilijaza chaneli nzima. Dijitali huweka vituo kadhaa katika nafasi hiyohiyo, na inayobaki hupewa kampuni za simu. Oktoba 2022, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilinadi masafa, yakiwamo ya megahezi 700, na kupata takriban dola milioni 187 za Marekani.

Hazina imepata chake. Mwananchi, aliyenunua king'amuzi kwa fedha zake ili nafasi hiyo ipatikane, bado ana la kudai. Kampuni inaweza kuyatumia masafa hayo kuboresha intaneti ndani ya maghorofa ya Kariakoo, na hakuna kanuni ya fizikia itakayoizuia. Kinachoweza kuibana ni masharti ya leseni. Kuwapo kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaotoa ruzuku ya kujenga minara vijijini, ni ushahidi kwamba soko peke yake halifiki huko. Wabunge wangeanza kwa kuuliza ni minara mingapi ya megahezi 700 imewashwa nje ya miji, na katika wilaya zipi.