Frateri na buibui wapi na wapi?

Mwezi Aprili, Kipindi cha Pasaka kikiwa kimekutana na mvua za masika, baadhi yetu tulitumia Jumamosi nzima kukusanya buibui kwenye kichaka cha miti ukingoni mwa ziwa, si mbali na Usagara. Tangu turudi tumeulizwa swali lile lile na wanajumuiya, na hata na wenzetu bwenini: frateri na buibui wapi na wapi? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba kazi ile ni sehemu halali ya malezi ya upadre, na ingefaa iingie kwenye ratiba badala ya kuachiwa wenye hamu.

Kwanza kazi yenyewe, maana wengine wanadhani tulibeba fagio. Mmoja anatandaza shuka jeupe chini ya tawi, mwingine analipiga tawi kwa fimbo mara tatu nne. Vinaanguka majani, sisimizi, na buibui wanaokimbia kila upande. Ukimshika kwa vidole utamponda, kwa hiyo unamfunika kwa kichupa. Usiku kuna njia rahisi zaidi: weka tochi usawa wa macho, mulika nyasi, na macho ya buibui wawindaji yatakurudishia mwanga kama matone ya umande. Wanaochukuliwa huwekwa kwenye alkoholi ya asilimia 70 hivi pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka: mahali, tarehe, aliyekusanya, alikutwa juu ya nini. Buibui asiye na karatasi hiyo ni uchafu ndani ya chupa, hata awe mzuri namna gani. Ulaya hutoka majira ya kuchipua, baridi inapokwisha. Sisi saa yetu ni mvua, wadudu wanapokuwa wengi na tando za ufukweni zinakuwa nyeusi kwa vijidudu vile vya ziwani vinavyoinuka kama moshi.

Mwenzetu mmoja alipinga safari hii kwa hoja nzito. Tunawezaje kusoma Laudato si' darasani, kisha Jumamosi tukawatia viumbe wa Mungu kwenye spiriti? Katika waraka ule wa 2015 Papa Fransisko anawataja wadudu na minyoo miongoni mwa wanaoutegemeza uhai wa dunia, na anafundisha kwamba viumbe wana thamani mbele ya Mungu hata pale wasipotupatia faida. Hatuipuuzi hoja hiyo. Lakini aina nyingi za buibui hazitambulikani kwa picha ya simu. Hutambuliwa kwa kuangalia viungo vya uzazi vya buibui mkomavu kwa hadubini, na kwa hilo mwili unahitajika. Tulichukua wakomavu wawili wa kila aina, tukawarudisha wachanga wote na waliozidi. Mkebe mmoja wa dawa ya kupulizia, ule unaotumika kusafisha sakristia kabla ya sikukuu, huua wengi kuliko sisi kwa siku nzima, na hakuna anayejua ni akina nani waliokufa.

Ni kweli Maandiko hayamsifu sana buibui. Ayubu na Isaya wanautaja utando wake kama mfano wa kitu kisichotegemeka. Masimulizi ya watakatifu yana huruma zaidi: Mtakatifu Feliksi wa Nola, akiwakimbia watesi, inasemekana aliokolewa na utando uliofumwa mbele ya maficho yake. Jirani zetu Waislamu nao wana simulizi inayofanana na hiyo, ya Mtume wao na pango la Thauri.

Sasa tuje kwenye buibui anayetuhusu sisi watu wa ziwa. Mwaka 2003 Wanda Wesołowska na Robert Jackson walimpa jina rasmi buibui mdogo mrukaji wa kandokando ya Ziwa Viktoria: Evarcha culicivora, yaani mla mbu. Mwaka 2005 Jackson na wenzake, waliofanyia kazi Mbita upande wa Kenya, walieleza tabia yake ya ajabu. Hajengi utando wa kunasia. Huvizia na kuruka. Anapenda damu lakini hawezi kutoboa ngozi ya mtu, hivyo huipata kwa kumla mbu jike aliyekwisha kunyonya, na humpendelea Anofelesi, yule anayebeba malaria. Hata vitoto vyake humtambua Anofelesi kwa jinsi anavyotua, sehemu ya nyuma ikiwa imeinuliwa. Jaribio la 2011 lilionyesha kwamba buibui huyu huvutwa na harufu ya soksi zilizokwisha kuvaliwa. Wanaolijua bweni letu wataelewa kwa nini tuna matumaini.

Taarifa hizi zimetoka Kenya na Uganda. Ziwa ni moja, nyasi ni zile zile, kuta ni zile zile, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi yetu zinazoumizwa zaidi na malaria. Mwezi Aprili hatukumpata. Hatusemi mtu akunje chandarua akamtegemee buibui. Tunasema tu kwamba mtafiti wa kutoka mbali hukaa wiki mbili akaondoka, ilhali paroko hukaa miaka na anazijua kuta za vigango vyote. Padre Chrysanthus, Mkapuchini wa Uholanzi, aliandika mfululizo wa maandiko kuhusu buibui wa kusini mwa Guinea Mpya, na wataalamu wanayatumia hadi leo. Hakuna aliyesema upadre wake ulipungua.

Lakini uzito wa jambo uko kwenye ardhi. Miaka michache ijayo baadhi yetu watakabidhiwa parokia, na pamoja na ufunguo wa kanisa watapewa ekari zilizopatikana tangu enzi za wamisionari. Bukumbi, jirani zetu, misioni ilianza 1883. Mara nyingi kilichobaki cha miti ya asili katika kijiji kiko hapo. Tumesikia katika parokia moja ya ufukweni pendekezo la kufyeka kichaka chote hadi majini, ili mbu wakose maficho na pajengwe ukumbi wa harusi unaotazama ziwa. Mapato yanahitajika kweli, na waamini wamechoka kuchangishwa. Ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na Kanisa halina msamaha. Tena hesabu ya mbu haiko hivyo. Anofelesi wa kwetu hupenda kutaga kwenye vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia tofali. Ukifyeka kivuli, umemwongezea yeye pa kuzalia na umewafukuza wanaomla. Paroko aliyewahi kupiga tawi moja juu ya shuka jeupe atakuwa na la kusema halmashauri ya walei itakapokaa.

Tunachoomba ni Jumamosi mbili kwa mwaka, moja ya masika na moja ya vuli, hadubini moja, na kabati lenye kufuli. Rubondo na Saanane ni hifadhi za taifa na humo hakichukuliwi kitu bila kibali, kwa hiyo tutabaki kwenye ardhi ya misioni, kwa ruhusa ya maparoko. Waamini wanaotaka kusaidia wanaweza kutuletea vichupa vitupu. Vya dawa ya kikohozi vinafaa, mradi vimeoshwa na vina vifuniko.