Gunia Limelipa Ushuru, Mtoto Angali Sakafuni



Wakati wa mavuno simameni kidogo penye kizuizi cha ushuru barabarani. Lori lililobeba mahindi ya kijiji husimamishwa, magunia huhesabiwa, mnunuzi hulipa na kupewa stakabadhi. Sheria yasema mlipaji ni mnunuzi. Lakini kila mkulima ajua kwamba ushuru huo ulikwisha kukatwa shambani, katika bei aliyopewa. Kisha nendeni hadi shule ya msingi ya kijiji hicho hicho. Watoto wa darasa la kwanza wameketi sakafuni, na wazazi wametangaziwa kwamba kila kaya ilete mchango wa madawati. Mkulima yule yule adaiwa mara ya pili kwa kitu kile kile.

Nami sina budi kuungama. Nimewahi kusimama altareni nikahimiza mchango wa namna hiyo, nikawasifu waliotoa. Baada ya Misa mama mmoja mjane aliniuliza, "Baba, na ule ushuru wa magunia yangu ulikwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Makala hii ni deni langu kwake.

Kwanza tuseme kweli kwa haki. Serikali Kuu imefanya mambo yanayostahili shukrani. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kwa mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002 iliahidiwa ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati huo zilikuwa kama shilingi 9,000. Kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, elimu bila ada ilienea hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na ruzuku ikaanza kutumwa moja kwa moja kutoka Hazina hadi akaunti za shule, isipungue tena njiani.

Lakini tupige hesabu. Mwaka 2016 kiwango cha shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, ingawa dola 10 zilikuwa zimekwisha kupita shilingi 20,000. Katika hizo, shilingi 4,000 zilibakizwa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikaenda shuleni. Shule yenye watoto 600 ilipata basi shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo mwalimu mkuu anunue chaki na karatasi, atungishe mitihani, azibe paa linalovuja. Haiwezekani. Ndiyo maana, hata Rais John Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima mnamo Januari 2018, michango haikufa. Ilibadilishwa jina tu, ikaitwa ya hiari. Hiari gani hiyo, ikiwa mtoto wa asiyetoa huaibishwa mbele ya wenzake?

Sasa twaja kwenye Halmashauri. Wakubwa wake husema, "Hatuna fedha." Neno hilo lina ukweli ndani yake. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na 2 kwa mazao ya chakula. Asiyetambua hayo hawatendei haki madiwani wetu.

Hata hivyo, umaskini haumwondolei mtu wajibu wa kupanga. Katika nyumba maskini mama hupima unga kwanza kwa watoto, ndipo wakubwa wale. Je, katika bajeti ya Halmashauri nani hupimiwa kwanza? Posho za vikao, mafuta ya magari na semina hazikosi fungu; dawati husubiri "fedha zikipatikana". Tatizo hapo ni mpango kabla ya kuwa uhaba.

Wala tusiambiwe kwamba mapato ya Halmashauri hayawezi kufungwa kwa sheria. Mwaka 2018 Bunge lilitunga sheria kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani itengwe kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ikiwa sheria yaweza kumlinda mkopaji, yashindwaje kumlinda mtoto wa darasa la kwanza? Twadai sehemu maalum ya mapato ya ndani itengwe kisheria kwa shule za umma, nayo itangazwe kwa jina la kila shule na kiasi chake.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yana kanuni ya auni, aliyoieleza Papa Pio XI katika waraka wa Quadragesimo Anno mwaka 1931: linalowezekana kwa jumuiya ndogo lisinyang'anywe na iliyo kubwa, bali kubwa iisaidie ndogo inapozidiwa. Kanuni hii ni upanga wenye makali kuwili. Yaidai Halmashauri isikimbilie Hazina kwa kila dawati. Yaidai pia Serikali Kuu isiiache wilaya kame, isiyo na korosho wala madini, ihangaike peke yake. Mtoto hakuchagua wilaya ya kuzaliwa.

Nasi walei na mapadre tusijitoe katika lawama. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Wangapi kati yetu huhudhuria? Diwani twaketi naye benchi moja kanisani. Nani amewahi kumwuliza? Anayenyamaza mbele ya dhuluma kisha akachangia madawati ametoa sadaka, lakini haki bado anadaiwa.

Basi dawati tutachangia, kwa maana mtoto hawezi kungoja. Lakini kila mchango uandamane na swali, na swali liandikwe, lisomwe mkutanoni, lidaiwe jibu.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Shule ya kijiji chetu ilipokea ruzuku kiasi gani mwaka uliopita? Je, kamati ya shule imeubandika ubao wa matangazo hesabu hizo?
2. Halmashauri ilikusanya ushuru gani katika kata yetu, na kiasi gani kilirudi shuleni?
3. Nani kati yetu atakwenda mkutano mkuu ujao kuuliza, na nani atamsindikiza?